Tarishi Hahitajiki Tena

Kila Novemba zaidi ya vijana nusu milioni hufanya mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania. Matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Kwa hiyo hata aliyefaulu vizuri hukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, na aliyefeli hana tarehe ya kuripoti popote. Ana miaka 17 au 18. Anajua kusoma, kuandika na kukokotoa asilimia, na simu anaijua kuliko wazazi wake. Mshahara hajawahi kuupokea. Kwamba kazi ni chache, hilo limeandikwa sana na sitalirudia. Ninachotaka kukitazama ni namna ilivyopotea ile kazi ya mtu asiyejua kazi, ambayo zamani ilikuwa na jina lake, ngazi yake ya mshahara na mahali pake kwenye orodha ya watumishi.

Chukua tarishi. Hadi miaka ya 1980 hapakuwa na ofisi ya maana, iwe wizara, benki, shirika la umma au chama kikuu cha ushirika, isiyokuwa na kijana wa kupeleka barua. Alipanda baiskeli au alikwenda kwa miguu, na kwapani alibeba daftari la kusainisha: barua imetoka hapa leo, imepokewa kule na fulani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na wapo waliozeeka nayo. Lakini kijana mwerevu, baada ya mwaka, alikuwa anazijua ofisi zote za mjini, anajua nani ana mamlaka ya kusaini nini na faili huelekea wapi likitoka masijala. Makarani walimwita kwa jina. Ikitokea nafasi ya karani msaidizi, hapakuwa na haja ya kwenda kumtafuta mtu mbali. Alikuwa amesimama pale kaunta akisubiri bahasha.

Simu, faksi na barua pepe vilimwondoa tarishi, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Ila alipoondoka hakuna aliyejiuliza kazi yake ya pili, ile ya kumwingiza mtoto ofisini na kumwonyesha mambo huku akilipwa, itafanywa na nani.

Viwandani mambo yalikuwa hivyohivyo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kiliajiri maelfu ya watu. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Dar es Salaam kulikuwa na Sunguratex, Kiltex, Tanganyika Packers ya Kawe iliyosindika nyama, na UFI iliyotengeneza majembe. Mameneja wa viwanda hivyo wasingeweza kutangaza kwamba mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitatu, kwa sababu nchi nzima haikuwa na watu waliowahi kusimama mbele ya mtambo wa kufuma. Walichukua vijana wasiojua kitu wakawafundisha humohumo, kwenye kelele za mitambo. Mafundi walipanda kwa majaribio ya ufundi, ambayo wenyewe waliyaita tredi testi, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mwajiri aligharimia mafunzo kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Serikali nayo ilifika mahali ikalifanya suala la uzoefu kuwa sera. Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilipokutana Musoma mwaka 1974 iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi miaka miwili hivi, kisha mwajiri wake na chama wamshuhudie. Leo uamuzi huo unasomeka kama ndoto: dola ikimwambia kijana nenda kafanye kazi, na kazi ya kwenda kuifanya ipo. Kikao hichohicho ndicho kilichoharakisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, na kwa kuwa walimu hawakutosha, makumi ya maelfu ya waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundishwa ualimu vijijini huku wakiwa tayari wameshika chaki. Ubora wa walimu wa UPE una wabishi wake mpaka leo, hasa miongoni mwa waliofundishwa nao. Lakini hapo nchi ilitazama watoto wake wa miaka 17 ikawaona wanafaa kupewa dhamana, kisha ikawalipa.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu zamani hupambika kirahisi. Wenye kidato cha nne walipata kazi kwa kuwa walikuwa wachache mno, na uchache huo ulipangwa. Serikali ya awamu ya kwanza ilipanua elimu ya msingi na kuibana ya sekondari kwa makusudi, ikihesabu nafasi za shule kwa mahitaji ya wataalamu. Matokeo yake, katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zenye wanafunzi wachache kabisa wa sekondari duniani kwa kulinganisha na idadi ya vijana wake. Mabinti walikuwa wachache zaidi. Kwa walio wengi hapakuwa na utarishi wala kiwanda. Palikuwa na jembe, na aliyelikimbia jembe akaja mjini alionekana mzururaji. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwakusanya wasio na ajira Dar es Salaam na kuwarudisha mashambani, jambo linaloonyesha kwamba hata wakati huo kazi za mjini zilikuwa zimekwisha.

Viwanda vyenyewe vilikuwa vinaumwa. Kile cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matumaini ya kuuza mamilioni ya jozi nje ya nchi, hakikuwahi hata kuukaribia uwezo wake. Vingine vilikosa vipuri, umeme na fedha za kigeni, vikaendelea kulipa mishahara kwa ruzuku. Nafasi nyingi za wanaojifunza kazi zilisimama juu ya mashirika yaliyokuwa yanakula hasara, na hasara ilipokosa wa kuifidia, nafasi hizo zilikwenda nayo.

Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalisainiwa mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, ikaanza kuuza, kukodisha na kufilisi. Urafiki ikawa ya ubia na Wachina. Tanganyika Packers ikafa, na jina lake likabaki kwenye viwanja vya Kawe. Upande wa serikali, watumishi waliokuwa zaidi ya laki tatu na nusu mwanzoni mwa muongo ule walishuka chini ya laki tatu kabla haujaisha. Waliotangulia kuondoka walikuwa wa chini kabisa: wahudumu, wafagizi, walinzi, matarishi. Usafi na ulinzi vikapewa kampuni binafsi. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa wahitimu nayo yakasimamishwa kwa kukosa fedha, hayakurudi hadi 2013.

Kuna tokeo moja la kipindi hicho ambalo naona halijatiliwa maanani. Watu kwa maelfu walipopunguzwa kwa mpigo, mitaa ilijaa mafundi, makarani, madereva na wahasibu wenye miaka kumi au ishirini ya kazi, wanaokubali malipo yoyote. Mwekezaji aliyenunua kiwanda, au Mhindi mwenye duka la jumla Kariakoo, au kampuni mpya ya simu, kwa nini amlipe mtoto wa kidato cha nne huku akimfundisha, wakati fundi wa daraja la kwanza yuko getini? Sharti la uzoefu, ambalo leo tunaliona kama la asili katika kila tangazo la kazi, kwa maoni yangu lilikomaa hapo. Waajiri walizoea kuupata uzoefu uliogharimiwa na mtu mwingine, yaani mashirika ya umma yaliyokufa. Kizazi kile sasa kimestaafu au kimezikwa. Sharti limebaki, na hakuna anayezalisha wa kulitimiza.

Wakati huohuo kiwango cha elimu kinachotakiwa kwa kazi za chini kilikuwa kinapanda. Tangu Mei 2004 kidato cha nne ndicho kimekuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa katika utumishi wa umma, hata kwa kazi za uhudumu. Sharti hilo lilikaa kimya kwenye waraka mpaka uhakiki wa mwaka 2017, ambapo watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Watumishi wa darasa la saba nao waliondolewa, kabla serikali haijaelekeza mwaka uliofuata kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Dereva aliyeendesha gari la halmashauri miaka kumi bila ajali aliulizwa cheti. Sitetei kughushi, ila idadi hiyo inaonyesha jinsi cheti kilivyogeuka kuwa tiketi ya kuingilia, hata pale ambapo kazi yenyewe ilikuwa inafanyika.

Kidato cha nne kilipofanywa kuwa lazima, thamani yake ilikuwa inashuka. Shule za kata zilizojengwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ziliwafikisha kidato cha nne watoto ambao wazazi wao wasingeota kufika huko, na hilo ni jambo kubwa ambalo wakosoaji wa shule hizo hulisahau haraka. Lakini zilifungua bila walimu. Ndipo wahitimu wa kidato cha sita walipopewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi na kupelekwa madarasani, na watu wakawaita walimu wa voda fasta. Katika mtihani wa 2012 kama asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Mwajiri aliyeshuhudia hayo alijifunza kutokiamini cheti cha kidato cha nne. Na huku vyuo vikuu vikiongezeka, alikuwa na cheti kingine cha kuomba: shahada.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na zaidi ya 10,000 wakajitokeza kuwania nafasi 70. Mapema mwaka 2025 waombaji zaidi ya 130,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Idadi hizo hutajwa kama habari ya wenye shahada, na kwa hakika wanaumia. Lakini wenye shahada waliokosa hawaendi mawinguni. Wanashuka hadi kaunta ya duka la dawa, mapokezi ya hoteli, sheli, shule binafsi kwa kujitolea. Kila anayeshuka ngazi moja anamsukuma aliye chini yake, na wa mwisho kusukumwa ni yule wa miaka 17 anayengoja matokeo.

Kujitolea nako kunahitaji kutazamwa bila huruma. Siku hizi ndiyo njia ya kawaida ya kupata uzoefu: unafundisha, unahudumia wagonjwa, unajaza takwimu ofisini, hulipwi au unapewa nauli tu. Atakayeweza ni mwenye pa kulala na wa kumlisha, tena karibu na mji. Mtoto wa Kilosa au Nzega asiye na ndugu Dar es Salaam hawezi kujitolea hata akitaka. Zile gharama ambazo Urafiki ilizibeba mwaka 1968 leo zinabebwa na shangazi mwenye chumba cha ziada.

Kuna mlango mwingine ambao haumo kwenye hotuba za ajira, nao ni mdhamini. Kazi nyingi anazoweza kupewa kijana asiye na cheti cha maana zinagusa fedha za mtu: kuuza duka, kukaa kwenye kibanda cha wakala wa miamala ya simu, kujaza mafuta sheli. Mwenye mali haulizi sana unajua nini. Anauliza fedha zikipungua nani atalipa. Anataka barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, ikiwezekana mtumishi wa serikali au mwenye nyumba. Shoti ya jioni, yaani fedha zilizopungua, inakatwa kwenye mshahara. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, hakitolewi kabla ya miaka 18, kwa hiyo mwenye miaka 17 hata laini ya simu anaitumia kwa jina la mama. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inamkataza aliye chini ya 18 kuajiriwa kiwandani, mgodini au melini. Ni ulinzi wa haki kabisa. Lakini ukijumlisha sheria, kitambulisho na wadhamini, utaona kwamba kazi halali inayobaki kwa mwenye umri huo ni ile inayotolewa na mtu anayemjua baba yake.

Mtaani, mbali na barua na vyeti, palikuwa na mfumo mwingine wa kuwaingiza vijana kazini, na huo ulidumu kuliko viwanda. Utingo wa lori alipakia, akafunga turubai, akaweka mawe chini ya magurudumu, na baada ya miaka alishika usukani. Konda wa daladala alianza kwa kupiga debe, akawa deiwaka, kibarua wa siku, akakabidhiwa gari. Kwa fundi cherehani au fundi gereji mzazi alimleta mtoto mwenyewe, wakazungumza, na mtoto akaanza kwa kufagia na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mshahara hapakuwa, alipata chai, nauli, na siku nyingine makofi. Unyonyaji ulikuwepo na hakuna sababu ya kuuficha. Baada ya miaka miwili au mitatu, hata hivyo, alikuwa anasikiliza injini na kujua kinachougua.

Mfumo huu nao unalegea, na kinachoulegeza ni pikipiki. Zilipojaa pikipiki za bei nafuu kutoka China na India kuelekea mwaka 2010, kijana alipata kazi inayomlipa siku ya kwanza. Anachukua bodaboda ya mtu kwa mkataba, anapeleka hesabu ya kila siku, mara nyingi karibu shilingi 10,000 mijini, na baada ya mwaka na kitu pikipiki inakuwa yake, kama haijaibwa wala kugongwa. Kwa nini akae miaka mitatu chini ya fundi kwa chai na nauli? Simlaumu hata kidogo. Nyumbani wanamtegemea leo. Ila mafundi wanalalamika kwamba vijana wanakuja wiki mbili na kupotea, na magari yenyewe yamejaa vifaa vya umeme ambavyo fundi wa zamani hawezi kuvifundisha. Mwenye miaka kumi ya bodaboda anajua barabara zote na bado, akitaka kazi nyingine, anaanza sifuri akiwa na miaka 28. Nayo mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yalipoanza Mei 2016, yaliziondoa daladala Barabara ya Morogoro. Barabara inapitika vizuri zaidi, sawa; makonda wengi wa daladala hizo walihamia kwenye pikipiki.

Kwa mabinti, kazi ya kwanza iliyo wazi kuliko zote ni ya ndani. Dada wa kazi huletwa kutoka Iringa, Singida au Dodoma, mara nyingi kabla hajafikisha miaka 18. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na wapo ambao hawakuiona hata hiyo. Analea watoto, anapika, anasimamia bajeti ya nyumba na kupatana bei na wauza mboga, miaka minne mfululizo. Akitoka, hakuna tangazo la kazi hata moja linalohesabu hayo kuwa uzoefu.

Fedha za kufundisha vijana zipo. Waajiri wenye wafanyakazi kuanzia kumi wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara hadi 2013 na imeshuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ndiyo iliyotarajiwa kunufaika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makusanyo imekwenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Kisiasa inaeleweka, maana wanafunzi wa vyuo vikuu huandamana na wanagenzi hawaandamani. Waajiri nao wamepata kisingizio: tumeshalipa tozo, mtu wa kumfundisha kijana ni serikali. Mpango wa uanagenzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu upo na umewapitisha wengi, lakini ni mradi wenye bajeti na ukomo. Uanagenzi wa zamani ulikuwa sehemu ya uzalishaji wenyewe.

Tumaini jipya limewekwa kwenye mkondo wa amali. Sera ya elimu, katika toleo lake la 2023, inaanzisha mkondo huo sekondari, na wanafunzi wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Wanajifunza ufundi pamoja na masomo ya kawaida, na wakimaliza mwaka 2027 wanatarajiwa kuwa na cheti cha ufundi kando ya kile cha kidato cha nne. Mjadala mpaka sasa umekuwa juu ya karakana, vifaa na walimu, kana kwamba tatizo lote lilikuwa shuleni. Watakapotoka watakuwa na miaka 17, na kiwandani sheria inawataka wangoje 18. Gereji watakayoiendea itataka mtu mwenye miaka miwili ya kazi. Kwenye sera hakuna kifungu kinachomtaka mwajiri awe na nafasi hata moja ya mtu anayeanza, wala kinachompunguzia kodi akiwa nayo.